Bahari ya saa hii: shajara ya mradi wa pwani ya Jambiani

Januari 2025, Rajabu, bamvua

Mradi tumeuanza. Tunachotaka ni hiki: mtu akifungua ukurasa wetu kwa simu, awe Muscat, awe Wete, awe darasani Tunguu, ajikute kasimama pwani ya Jambiani, mashariki ya Unguja, na maji anayoyaona mbele yake yawe sawa na maji yaliyopo Jambiani wakati ule ule. Yakiwa yamepwa, atembee mpaka kwenye mashamba ya mwani, aone mambo, vile vijiti vya kufungia kamba, yamechomekwa mchangani na kamba zimetandazwa. Yakiwa yamejaa, mashamba yote yafunikwe na ngalawa zielee. Minazi itikiswe na upepo unaovuma kweli saa hiyo. Na wageni wengine waliomo ukurasani wakati huo awaone wakipita pembeni yake.

Video za pwani zetu zimejaa tele, na nyingi nzuri. Lakini video ni bahari ya siku iliyopita, na karibu zote zimepigwa maji yamejaa, jua limewaka, hakuna mtu. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza Paje na Jambiani mwaka 1989, na tangu hapo pwani ile ni mahala pa kazi, khasa kazi ya wanawake. Nataka wanafunzi wetu na ndugu zetu walio mbali waione ikiwa kazini.

Mwenzangu anachora: mchanga, mwanga, mwamba, maji. Mimi nimechukua njia ya data, kuanzia nguzo iliyosimama baharini mpaka kwenye kioo cha simu, na shajara hii ni ya upande wangu.

Swali la kwanza lilikuwa kasi. Picha inayotembea vizuri kwenye simu huchorwa mara 60 kwa sekunde, na kwenye simu za kawaida mara 30 zinatosha. Wengi wakisikia hivyo hudhani data nayo lazima ije kwa kasi hiyo hiyo. Nikakaa na kalamu. Bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mpya na mwezi mpevu, kwetu Unguja hupanda na kushuka karibu mita nne, na kutoka kujaa mpaka kupwa hupita saa sita na dakika kumi na kitu. Hata katikati, pale maji yanapokwenda mbio zaidi, mwendo wake ni kiasi cha sentimita moja na nusu kwa dakika. Siku za maji mafu, tofauti ikiwa kama mita moja, haufiki hata nusu sentimita. Basi kwa urefu wa maji, kipimo kimoja kwa dakika ni kingi cha kutosha. Viwimbi vidogo vidogo vinavyometameta juu yake simu itavichora yenyewe, maana hakuna mgeni atakayekuja kulilinganisha wimbi moja moja.

Boti ni habari nyengine. Mtambo wa AIS, redio ya vyombo vya baharini ya kujitambulisha, ukiwa kwenye boti kubwa inayokwenda zaidi ya noti 23 (noti ni kipimo cha mwendo wa baharini), hutangaza mahala ilipo kila baada ya sekunde 2. Ikiwa kati ya noti 14 na 23 ni kila sekunde 6. Chini ya hapo sekunde 10. Ikitia nanga, dakika 3. Upepo nao una tabia yake, mpigo hupita kwa sekunde chache. Na wageni wanaotembea ndani ya ukurasa ndio wenye haraka kuliko wote.

Kwa hiyo hakuna "sasa hivi" moja. Kila kitu kina mwendo wake, na njia ya data inabidi iheshimu mwendo wa kila kimoja badala ya kuvifunga vyote nira moja.

Januari, maji mafu

Nguzo imesimama, ndani ya mwamba, karibu na mkondo unaopitisha ngalawa. Juu yake kuna kihisi kinachopiga sauti isiyosikika kwenda chini na kusubiri mwangwi urudi. Muda wa safari hiyo ndio unaotoa umbali wa maji. Chini ya kihisi kuna kompyuta ndogo aina ya ESP32, betri na paneli ya sola.

Mambo mawili ya kuangaliwa na yeyote anayetaka kufanya hivi. La kwanza ni joto. Sauti hewani hukimbia takriban mita 331 kwa sekunde kwenye nyuzi sifuri, na huongezeka kama mita 0.6 kwa kila nyuzi moja ya joto. Kati ya alfajiri na adhuhuri sanduku juu ya nguzo linaweza kupanda nyuzi kumi, na nyuzi kumi kwenye umbali wa mita nne ni kosa la karibu sentimita saba. Bahari haikusogea, hewa ndiyo iliyopata moto. Kwa hiyo kila kipimo kinakwenda pamoja na joto la wakati ule, na hesabu inarekebishwa pale pale nguzoni.

La pili ni mawimbi. Kihisi kinapima mara nyingi ndani ya dakika moja, kisha tunachukua kipimo cha katikati, si wastani. Wastani huvutwa na ndege aliyetua chini ya kihisi au povu. Cha katikati hakishughuliki nao.

Februari, Shaabani

Mwezi huu ndio uliouelekeza mradi, kwa hiyo nitaandika kwa kirefu.

Kupwa na kujaa kunaongozwa na mwezi na jua, na wataalamu wamekuwa wakikutabiri kwa hesabu tangu karne ya 19. William Thomson, ambaye baadaye aliitwa Lord Kelvin, alitengeneza mashine ya magurudumu ya kufanya kazi hiyo mwaka 1872. Siri yake ni kuigawa bahari katika mawimbi makubwa ya kawaida yanayojirudia bila kuchoka. La mwezi, linaloandikwa M2, hurudi kila saa 12 na dakika 25. La jua, S2, hurudi kila saa 12 kamili. Vilele vyao vikikutana ni bamvua. Vikipishana ni maji mafu. Na kutoka bamvua mpaka bamvua ni siku 14 na robo tatu hivi. Ndiyo maana wazee wetu hawakuhitaji jedwali: aliyejua leo mwezi ngapi alijua na maji yako wapi. Kuna mawimbi mengine madogo, N2, K1, O1 na wenzao, na kila moja lina namba mbili tu za kulitambulisha kwa mahala fulani: urefu wake na majira yake, yaani wakati linapofika kileleni.

Namba hizo zote kwa pwani moja hazijazi hata ukurasa wa daftari. Ukizitia ndani ya programu, simu inajua maji ya leo, ya kesho na ya mwaka ujao bila kuiuliza seva chochote. Kinachobaki kutumwa ni tofauti tu, kati ya kile simu ilichokokotoa na kile nguzo ilichokipima. Tofauti hiyo huletwa na upepo unaosukuma maji na uzito wa hewa. Shinikizo la hewa likishuka milibari moja, bahari huinuka kama sentimita moja. Kwetu, ambako vimbunga ni nadra, mara nyingi tofauti hii ni ndogo.

Ujumbe wenyewe sasa ni baiti 8: moja ya kituo, nne za saa ya kupima, mbili za tofauti, moja ya hali ya kipimo. Mara moja kwa dakika, ni baiti 480 kwa saa nzima, mbali na bahasha za mtandao. Bahari nzima ya Jambiani inapita kwenye simu ya mtu kwa chini ya nusu kilobaiti kwa saa.

Kuanzia hapo nimeifanya kanuni ya mradi wote: usitume kile ambacho simu inaweza kukijua yenyewe. Boti iliyonyoosha njia kwa mwendo ule ule haina haja ya kutumwa kila sekunde 2. Simu inachukua mahala, mwelekeo na kasi ya mwisho, inaisogeza yenyewe, na seva hutuma pale tu boti inapotoka kwenye mstari huo kuliko kiasi tulichokiweka. Jua na mwezi vivyo hivyo, vinakokotolewa.

Pwani ya mashariki ina jambo lake jengine. Ndani ya mwamba maji hayashuki mpaka chini kama nje. Yakifika usawa wa ukingo wa mwamba, yaliyobaki ndani hutuama na kutoka polepole kupitia mikondo. Kwa hiyo mchoro wa kupwa kwetu hauna bonde la mviringo, una sakafu. Hesabu ya bahari ya nje peke yake ingemwonesha mgeni mchanga mkavu pale ambapo mkulima wa mwani yuko magotini ndani ya maji. Sasa simu inakokotoa bahari ya nje kwanza, kisha inaikata kwa urefu wa mwamba tuliouchukua nguzoni, halafu ndipo inapoongeza tofauti.

Kwa kujisahihisha tunatazama pia kipimo cha maji cha bandari ya Zanzibar, ambacho kimo kwenye GLOSS, mtandao wa vipimo vya usawa wa bahari duniani, unaosimamiwa na tume ya bahari ya UNESCO. Takwimu zake huoneshwa kwa wote kupitia VLIZ, kituo cha utafiti wa bahari cha Ubelgiji. Kipimo kinatoka bandarini Malindi, kinakwenda Ulaya, kinarudi kwetu Mji Mkongwe, na bado kinatusaidia sana, kwa kuwa ni kipimo cha miaka mingi kilichotunzwa kwa uangalifu.

Februari, bamvua

Nilishuka pwani na simu mkononi kuonesha hatua tuliyofikia. Nikamkuta mama mmoja anafunga mwani, nikamwamkia, akaitikia bila kuinua mikono kwenye kamba. Nikamsogezea simu. Akaitazama kwa muda, akatazama baharini, akaitazama tena.

"Mwanangu, mie maji nayajua. Nambie hii picha yako imeyaona maji lini."

Nikamwambia, dakika moja iliyopita.

"Na mtandao ukikata?"

Nikamweleza kuwa simu itaendelea kukokotoa. Akasema basi iseme. Iseme haya nimeyaona, haya nakisia, maana yeye akiwa nyumbani anapika anataka kujua kama ashuke sasa au baadaye, na mtu anayekisia huku anajifanya ameona anaweza kumpotezea mtu bamvua zima. Siku za kupwa sana si nyingi kwa mwezi, na maji hupwa kwa saa zile zile, kama saa nne asubuhi, halafu hurudi.

Tangu siku hiyo kila data inayopita kwetu inabeba saa iliyopimwa, si saa iliyofika. Na ukurasa unaonesha umri wake waziwazi, kwa saa ya Kiswahili: "imepimwa saa nne na dakika tano asubuhi". Kipimo kikichelewa, maandishi yanageuka kuwa "imekokotolewa", rangi ya maji kwenye ukingo inabadilika kidogo, na ile tofauti ya mwisho inapungua polepole kuelekea sifuri ili simu isiendelee kuamini upepo wa jana. Nimeona kazi nyingi nzuri za wavuti zinazoficha jambo hili: mtandao ukikatika, picha inaendelea kucheza kama kwamba hakuna kilichotokea. Naona ni kumkosea heshima mtazamaji, na pwani ni kumwekea hatari.

Saa yenyewe ilihitaji kazi. ESP32 ikizimika na kuwaka pasipo mtandao huanza kuhesabu kutoka tarehe 1 Januari 1970, na vipimo vyote vya kipindi hicho vingeingia kwenye kumbukumbu vikiwa na umri wa nusu karne. Tumeweka saa ndogo yenye betri yake nguzoni, na seva inakataa ujumbe wowote ambao saa yake haiingii akilini.

Februari, mwisho wa mwezi: wavuvi

Tulifikiria kuwapa wavuvi vifaa vidogo vya kutangaza mahala walipo, ili ngalawa na madau nayo yaonekane kwenye ukurasa kama boti za abiria zinavyoonekana. Vyombo vyao havina AIS. Kabla ya kununua chochote nilikwenda kukaa nao bandani.

Nahodha mmoja wa makamo alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mjomba, siku nikipata samaki, kesho yake nitakuta vyombo ishirini." Wengine wakacheka, lakini hakuna aliyempinga. Mwengine akauliza ni nani atakayezitunza njia zao baada ya kupita, na kwa muda gani. Swali zuri, na jibu tulilofikia ni kutozikusanya kabisa. Ngalawa kwenye ukurasa zitakuwa zile zilizofungwa ufukweni, zikielea au kulala upande kulingana na maji. Boti zinazotangaza AIS zinatangaza kwa ajili ya usalama na kila chombo chenye kipokezi kinazisikia. Mvuvi hajatangaza chochote.

Machi, Ramadhani

Kipokezi cha AIS kimewekwa juu ya paa Mji Mkongwe. Mawimbi yake ya redio, megahezi 161.975 na 162.025, hayapindi na umbo la dunia, kwa hiyo kutoka kwenye paa la kawaida tunasikia kama kilomita 30 hivi. Inatosha kuziona boti za Dar es Salaam zikiikaribia Unguja. Mgeni wa Jambiani hatoziona, ziko upande wa pili wa kisiwa. Tumeweka chumba cha pili ukurasani, roshani inayotazama Forodhani.

Sehemu nzito ya mwezi huu ni wageni kuonana. Mchana wa Ramadhani ukurasa ni mtulivu, baada ya tarawehe ndipo watu wanafungua simu, na hapo ndipo tunapopima.

Hesabu yake ni hii. Tuseme wapo watu 30 chumbani na kila mmoja anatangaza alipo mara 10 kwa sekunde. Kila mtu anapokea habari za wenzake 29. Kwa ujumbe wa maandishi wa JSON, wenye majina ya sehemu na alama zake, kiasi cha baiti 150, ni baiti 43,500 kwa sekunde kwa kila simu, yaani zaidi ya megabaiti 156 kwa saa. Mwanafunzi aliyenunua bando la siku tumemmalizia bando lake kwa kutembea pwani.

Tukabadilisha namna ya kuandika. Eneo letu halifiki mita 650 kwa upande, na namba ya baiti 2 ina hatua 65,536, basi kila hatua ni sentimita moja. Mgeni anakuwa baiti 7: mbili za namba yake, mbili za mashariki na magharibi, mbili za kaskazini na kusini, moja ya upande anaotazama. Seva inawafunga wote kwenye kifurushi kimoja badala ya kutuma 29. Hesabu ile ile sasa ni kama megabaiti 7 kwa saa, na hiyo ni ikiwa wote 30 wanakimbia muda wote bila kusimama. Aliyesimama hatangazwi, maana simu inajua kuwa asiyetajwa yuko pale pale. Aliye mbali sana hutajwa mara chache. Kanuni ile ile ya mwezi uliopita imefanya kazi na kwa binadamu.

Ili mwendo wa wengine usiruke ruke, simu inawaonesha kama sehemu ya tano ya sekunde nyuma ya wakati wao, ikiwasogeza kati ya mahala pawili panapojulikana. Kwa kutembea pwani haionekani hata kidogo.

Na jambo moja kwa wanaojenga: usichore pale ujumbe unapofika. Kwetu ujumbe hupokelewa na kufumbuliwa pembeni, ndani ya mfanyakazi wa brauza anayejitegemea, yaani programu ndogo inayokwenda sambamba na ukurasa, naye huandika hali mpya mahala pamoja. Mchoraji, yaani ile sehemu ya programu inayochora picha kwenye brauza kwa WebGL kupitia maktaba ya three.js, ana milisekunde 33 tu za kila picha kwenye simu za kawaida. Anasoma hali iliyopo na kuendelea. Ujumbe kumi ukija kwa mpigo baada ya mtandao kukwama, mkono wa mchoraji hautetemeki.

Mwenzangu ameuliza kuhusu WebTransport, njia mpya ya brauza na seva kupelekeana ujumbe, ambayo inaruhusu ujumbe uliopotea uachwe upotee badala ya kuuzuilia njia ulio nyuma yake. Kwa mahala pa mgeni ingefaa khasa, kwa kuwa mahala pake pa sekunde iliyopita hapana thamani tena. Lakini WebSocket, njia ya zamani zaidi tunayoitumia, iliyosanifiwa mwaka 2011, inafunguka kwenye simu zote tulizozijaribu, na simu za wanafunzi si mpya. Tunabaki nayo.

Mwisho wa Machi, bamvua la Sikukuu

Hili tulilisubiri. Machi ni majira ambayo usiku na mchana hulingana, na bamvua za kipindi hicho huwa kubwa. Kwa hesabu ya falaki mwezi mpya uliingia tarehe 29, na tarehe 30 ukawa kwenye sehemu ya njia yake iliyo karibu zaidi na dunia. Mambo hayo kukutana ndani ya siku mbili, na Sikukuu juu yake, ni mtihani wa bahari na wa wageni kwa pamoja.

Maji yalipwa mpaka mwamba ukaonekana mgongo wake wote. Kwenye ukurasa, ile sakafu ya kupwa ilionekana vile vile, na mkondo wa ngalawa ukabaki mstari wa buluu katikati ya mchanga. Jioni yalipojaa yalifika kwenye mizizi ya minazi ya mbele. Watu wa mbali walikuwa wengi ukurasani siku hiyo. Tuliona kikundi kimesimama pamoja kwa muda mrefu mbele ya mashamba ya mwani, baadaye mmoja wao akatuandikia kuwa ni ndugu, wako miji mitatu tofauti, na mama yao kazaliwa Jambiani. Walimpa simu awatembeze. Nimefurahi mno.

Asubuhi ya pili umeme ulikatika sehemu za mjini kwa muda. Uliporudi, simu zote zilizokuwa zimekatika zilijaribu kuunganika kwa dakika ile ile. Kila simu imeagizwa ichague yenyewe, kwa bahati nasibu, muda wa kusubiri kabla ya kujaribu tena, na ikishindwa muda huo unaongezwa maradufu. Seva haikuelemewa. Kila anayerudi hupewa kwanza picha kamili ya hali ya sasa, kisha mabadiliko yenye namba za mfuatano. Akikosa namba moja katikati, anaomba picha kamili upya.

Aprili, masika

Mvua. Paneli inapata mwanga kidogo, na nguzo imejishusha yenyewe kutoka kipimo kila dakika hadi kila dakika tano, kama tulivyoipangia betri ikipungua. Ujumbe unasema hivyo, na ukurasa unasema hivyo. Mvua kubwa huvuruga mwangwi. Vipimo vya dakika hizo vinatiwa alama na kuachwa. Upepo umeanza kugeuka Kusi na minazi kwenye ukurasa imeinama upande mwengine.

Vipimo vinakuja kutoka nguzoni kwa MQTT, itifaki ya kupelekea ujumbe mdogo mdogo wa vifaa, kwa daraja linalohakikisha ujumbe unafika angalau mara moja. Angalau mara moja maana yake wakati mwengine mara mbili, khasa mtandao ukiwa dhaifu kama wiki hii. Kituo na saa ya kupima kwa pamoja ndivyo vinavyotambulisha kipimo, kwa hiyo kikija tena kinajifuta juu ya chenzake.

Mei

Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika kusini mwetu, na intaneti ya Tanzania nzima ikadhoofika kwa siku kadhaa. Sisi wa visiwani tulikwisha kujifunza ubaya wa kutegemea waya mmoja: aliyekuwepo Unguja kati ya Disemba 2009 na Machi 2010 anaukumbuka ule muda wa miezi mitatu bila umeme. Kwa hiyo seva yetu iko Dar es Salaam. Sababu ya kwanza ni mwendo: mwanga ndani ya waya hukimbia kama kilomita 200,000 kwa sekunde, na kutoka kwetu mpaka Frankfurt kwa mstari ulionyooka ni karibu kilomita 6,900. Kwenda na kurudi hakuwezi kupungua milisekunde 69 hata mitambo yote iwe kamilifu, na nyaya haziendi kwa mstari ulionyooka. Dar es Salaam, safari ya waya ni chini ya milisekunde moja. Sababu ya pili ndiyo kubwa zaidi: watu wawili walio Unguja hawana haja ya kupitia Ulaya ili waonane Jambiani.

Mwezi huu tulifunga njia ya nje kwa makusudi, jioni moja, kuona nini kitabaki. Jaribio lilionesha kuwa maktaba ya three.js na mwandiko wa maandishi vilikuwa bado vinaombwa ng'ambo. Tumevihamishia kwenye seva yetu. Kipimo cha bandarini kikazeeka, kama ilivyotarajiwa, na ukurasa ukakitaja kwa umri wake. Nguzo ya Jambiani, wageni wa ndani ya nchi, boti na upepo viliendelea.

Walimu wa skuli mbili wameomba watumie ukurasa kufundishia mwezi na bamvua. Tumewatengenezea kitelezi cha kurudisha siku nyuma, kwa vipimo vilivyohifadhiwa, na pale ambapo vipimo havipo kwa sababu ya mvua ya Aprili pana pengo linaloonekana. Mwalimu mmoja amesema pengo hilo ndilo atakaloanzia somo.

Juni

Nguzo ya pili imesimama Mkoani, Pemba. Hatuwezi kuchukua namba za Jambiani tukazipeleka kule, kila pwani ina majira yake. Vipimo vya mwezi mmoja vinatosha kutenganisha wimbi la mwezi na la jua, lakini lipo wimbi jengine, K2, linalofanana mno na S2, na kuyatenganisha kunahitaji vipimo vya kiasi cha miezi sita. Mpaka Disemba ukurasa wa Mkoani utafunguka kwa wote, maji yatapanda na kushuka, na juu yake pataandikwa "makadirio".